Saladi Waliyoibeba Bila Kujua Inaliwaje

Jamani, leo Bibi yangu kapata jibu la swali alilokaa nalo tangu usichana wake!

Nilikuwa jikoni hapa Sokon I, nakata saladi ile inayofunga kama kabichi. Vipande vikubwa, vibichi, juu namwagia mayonezi niliyochanganya na mtindi na kitunguu saumu.

"Hupiki?" Bibi akauliza.

"Hii inaliwa mbichi, Bibi."

Akavuta kiti, akakaa.

Kumbe enzi za Mwingereza, kule Tengeru, yeye na dada yake walikuwa wakipeleka saladi hizi kwa mlowezi mmoja. Waliishia mlango wa jikoni. Hawakuwahi kuona zinaliwaje.

Dada alisema Wazungu wanazichemsha kama mchicha. Bibi akasema wanawapa farasi. Wakawa wanabishana njia nzima!

Nikampa kipande. Akatafuna polepole, mayonezi hadi kidevuni. Mimi namtazama tu.

"Ina maji mengi," akasema.

Halafu akanyoosha sahani nimwongeze.

"Kesho nipeleke Kikatiti kwa dada yangu. Lazima ajue tulikosea wote wawili."

Sasa wapendwa, mchuzi huu wa mayonezi niubebeje usiharibike njiani?