Majina Kwenye Sanduku

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Mama Nati aliingia chumba cha nyuma na kuweka kiganja juu ya sanduku, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Likiwa vuguvugu, alishusha pumzi. Likiwa baridi, alijua sola imejaa vumbi, basi akapanda juu ya bati na kitambaa chake. Jina la Mama Nati alipewa na mtaa, kwa sababu akiwa kazini hubana nati na skrubu midomoni. Ukimsalimia, anakujibu kwa nyusi.

Alikuwa fundi simu, na sanduku lile lilikuwa la mtaa mzima. Lilikuwa kubwa kama kabati, na pande zote limepangwa bodi za simu zilizokufa, arobaini na moja, kila nyumba imetoa moja. Wala hazikufa kwa uzee. Kampuni ya minara ya simu ilikuwa ikizipelekea maboresho, simu inakuwa nzito, inasinzia, siku moja haiwaki tena. Unaambiwa ununue mpya. Ile ya zamani inaishia mtaroni, na maji ya mtaro yanageuka rangi. Watu wakachoka. Wakaunda ushirika, wakaziokota, Mama Nati akazifufua na kuziunganisha zinywe jua. Tangu hapo mtaa ukawa unatumiana ujumbe wenyewe kwa wenyewe. Mkunga aliwakumbusha wajawazito siku za kliniki, watoto walifungua masomo, na hakuna kampuni iliyochungulia katikati.

Kosa lilikuwa moja, nalo lilikuwa lake. Siku ya mkutano ndiye aliyesimama akasema, "Cha wote kikikosa wenyewe, kinaibwa mchana kweupe. Kila nyumba iandike jina lake kwenye bodi yake." Watu walipiga makofi. Wakaandika kwa rangi ya kucha, nyekundu, zambarau, nyingine ya kumetameta. Mitaa ya jirani ikaona ni jambo zuri, ikaiga, sanduku na majina yake.

Adhuhuri moja wifi yake aliingia mbio, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni.

"Wifi, wamechukua sanduku la mtaa wa juu!"

Mama Nati alimwuliza kwa nyusi, nani?

"Watu wa kampuni, na askari. Wamelivuta nje, wakaanza kusoma majina. Nyumba kwa nyumba! Wamembeba mpaka yule kikongwe muuza mkaa, ambaye simu anaishika juu chini."

Skrubu zilimdondoka Mama Nati midomoni, moja moja, zikalia sakafuni. "Wamesema kosa gani?"

"Ati tunaiba mawimbi ya simu. Hebu niambie wifi, mawimbi yana hati ya nyumba?"

Mama Nati hakucheka. Alikuwa anayatazama yale majina. Mkunga. Mjane wa kona. Mwashi na watoto wake sita. Yalikuwa yanang'aa kama yameandikwa jana, na yeye ndiye aliyesema yaandikwe.

"Una dawa ya kufutia kucha?"

"Mimi, na vidole hivi vya kuchomwa sindano? Ngoja." Wifi alichomoka kwenda kwa msusi, akarudi na nusu chupa na bunda la pamba.

Wakaanza kufuta. Rangi haikutoka kirahisi, ilivutika kama damu, ukipitisha pamba mara moja jina linabaki linasomeka. Dawa ilimmwagikia Mama Nati mapajani na kumchoma kwa baridi yake. Upande wa mbele ukaisha. Pembeni pakaisha. Nyuma, palipokuwa na uwazi mwembamba kati ya sanduku na ukuta, ilibidi wifi aingize mkono mpaka begani na kupapasa.

"Mangapi yamebaki?"

"Kumi na manne. Usinisemeshe."

Gari likasimama nje. Milango mitatu ikafungwa, pa, pa, pa.

Waliingia bila hodi, askari wawili na mwanamume wa miwani mwenye beji ya kampuni. Chumba kilinuka dawa. Wifi alichomoa mkono, akauficha nyuma ya gauni na pamba yake nyekundu.

"Hili ndilo," alisema wa miwani. Akazunguka mbele, akainama. "Mbona hili halina majina?"

"Majina ya nini, mwanangu?" Sauti ilimtoka Mama Nati nyembamba, hata yeye hakuijua.

"Usinichezee, mama. Livuteni."

Askari mmoja alishika pembe. Sanduku likakwaruza sakafu, uwazi wa nyuma ukaanza kupanuka. Mama Nati aliona ncha ya herufi ya zambarau.

"Mnajichosha," alisema. "Hili ni tawi tu. Shina haliko hapa."

Askari akaachia. Wa miwani akageuka polepole. "Liko wapi?"

"Mbali. Na limefichwa. Bila mimi hamlioni."

"Na huyu?"

"Wifi yangu, fundi cherehani. Alikuja kuazima pamba."

"Mmoja abaki naye."

"Abaki," Mama Nati alisema. "Lakini lile kulinyanyua ni wanaume watatu, na mimi mgongo sina."

Mtu wa miwani alitazama sanduku, akatazama saa. "Twendeni wote. Tukirudi tutalibeba na hili."

Wifi alifungua mdomo. Mama Nati alimnyamazisha kwa nyusi, kisha akatazama mara moja tu kule nyuma ya sanduku.

Shina halikuwapo popote. Aliwaambia gari halipiti huko, ni vichochoro, na wao wakamfuata kwa miguu. Kwenye kona ya kwanza alikata kushoto, ya pili kulia, akiziacha nyumba za wanachama nyuma yake, akihesabu kichwani, kwa kila hatua kumi, jina moja ambalo wifi amelifuta. Nyuma yake viatu vya askari vilikuwa vinakaribia, na mtu wa miwani akauliza kwa mara ya tatu kama bado ni mbali. "Bado kidogo," akasema, akaongeza mwendo. Askari waliporudi kulibeba sanduku hawakukuta jina hata moja; yeye, waliyemchukua, hakurudi tena mtaani.