Nafasi ya Tuva

Paka wa Ardis Tollefsrud aliitwa Tuva, wa kijivu kama barafu ya ziwani mwezi wa Machi, na alikuwa na uvimbe kwenye taya. Marehemu Harlan, mume wa Ardis, ndiye aliyemwokota ghalani, mdogo hata akalala ndani ya kiatu. Harlan alipoondoka, Tuva akahamia kwenye kiti chake, kana kwamba anamshikia nafasi.

Asubuhi hiyo ya theluji Ardis alimpeleka hospitali ya wanyama ya chuo kikuu, mwendo wa saa mbili, jirani yake Verna akiendesha. Huko walikuwa wanajaribu dawa mpya ya saratani kwa paka. Bila dawa, Tuva asingeiona theluji ikiyeyuka.

Daktari Renata Quiroga alikuwa binti wa Texas, hajatimiza hata mwezi Minnesota. Alimpapasa Tuva taratibu, kisha akasema:

"Mama, kwenye jaribio imebaki nafasi moja. Hatuahidi kupona, ila tutamtunza vizuri. Unataka aingie?"

Moyo wa Ardis uliruka. Lakini mdomo ulijibu kama ulivyofundishwa tangu utotoni.

"Aa, hapana, mwanangu. Wapo wenye shida kuliko mimi. Mpe mwingine."

"Nimekuelewa, mama," daktari akasema kwa upole, akafunga faili, akatoka.

Ardis akabaki ameketi, ametulia tuli, akingoja kuulizwa mara ya pili. Hiyo nayo angeikataa, kidogo tu. Ya tatu angesema haya, kama si usumbufu. Ndivyo kahawa inavyopokewa kwao, ndivyo keki, na ndivyo hata Harlan alivyopokewa: aliposa mara tatu, ya mwisho wamesimama juu ya ziwa lililoganda, pumzi zao zikichanganyika hewani.

Kioo cha dirisha kilikuwa kimeota maua ya baridi, michoro ya barafu. Ardis aliyatazama mpaka yakawa ziwa lile, na juu yake mtu mrefu akija bila haraka, kiatu kimoja mkononi, na ndani ya kiatu kitu kinakoroma.

Verna akachungulia mlangoni. "Vipi shoga, umeshatia sahihi?"

"Bado. Ameniuliza mara moja tu."

"Na wewe ukasema hapana?"

"Ulitaka nimrukie kama mwenye njaa?"

"We Ardis! Mtoto wa Texas yule! Kwao ukisema hapana, sahani inaondolewa. Yuko kwenye simu sasa hivi anamtafuta mwenye paka mwingine, nimemsikia kwa masikio yangu!"

Ardis akasimama. Kwa miaka sabini na minane hakuwahi kutamka kwamba anataka kitu. Aliipita korido ile nyeupe kama mtu anayekanyaga barafu asiyoiamini, Tuva kifuani.

"Daktari, naitaka," akasema. "Nafasi ile. Naitaka mimi."

Renata alikuwa na simu sikioni. "Ilikuwa bado inaita," akasema, akaiweka chini. "Lakini mama, si ulikataa?"

"Nilikataa mara ya kwanza. Ile haihesabiwi."

Sahihi ikatiwa. Tuva akachukuliwa ndani, macho yake ya manjano yakimtazama Ardis juu ya bega la daktari mpaka mlango ukafungwa.

Baadaye Renata akarudi. "Kahawa, mama?"

"Hapana, usijisumbue."

Renata akageuka aende zake. Akasita. Akarudi hatua moja.

"Hata kidogo?"

"Aa, hapana, mwanangu."

"Mama. Kahawa?"

"Haya," Ardis akasema. "Nusu kikombe."