Sauti ya Mfano

Mume wangu ni mwanamuziki, na hana hata wimbo mmoja aliowahi kuumaliza. Sisemi hivi kwa kumsengenya, maana nimeshamwambia usoni mara nyingi. Mtaani wanamwita Bado Kidogo. Ukimuuliza wimbo umefikia wapi, anakujibu kwa upole, kama daktari anayeongea na mgonjwa mgumu wa kuelewa: bado kidogo. Kuna mashine mpya inatoka. Kuna programu mpya inakuja, itarekebisha hiki na kile. Ikishaingia, ndipo kazi yenyewe itaanza. Nimeolewa naye miaka mingi na kazi yenyewe sijaiona ikianza.

Vyumba vyetu vya kazi vimepakana. Mimi ni fundi cherehani, nashonea chumba cha mbele. Yeye yuko nyuma, mahali palipokuwa stoo yetu. Ameziba dirisha kwa godoro na kutundika mablanketi ukutani, mablanketi yangu mazuri. Akitaka kurekodi anagonga ukuta mara mbili, nami naondoa mguu kwenye pedeli, nazima friji, nawanyamazisha wateja. Nimewahi kusimama na bibi harusi mtarajiwa, gauni limemfika kiunoni, mimi pini mdomoni, tunatazamana kama wezi waliosikia hatua za mwenye nyumba. Halafu mume wangu anachungulia mlangoni na kusema, "Basi, endeleeni tu. Nitarudia programu ikija."

Riziki yake aliipata kwenye sherehe za watu, yeye kinanda na dada yake sauti. Huyo dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamsomesha, akamnunulia kinanda cha kwanza, kile kidogo cha watoto chenye vitufe vya rangi. Kwangu mimi ni wifi, na kama mawifi wote wangekuwa hivyo, wanawake wengi wangelala usingizi mzuri. Mchana alisimamia jiko la shule, akitoa amri katikati ya masufuria makubwa. Jumamosi aliimba. Alipopanda juu pale kwenye kiitikio, watu waliokuwa wakigombania viti waliacha kugombana, na wahudumu walisimama na sinia mikononi. Sina elimu ya muziki, lakini najua nilichokiona.

Nyimbo alizoimba zilikuwa za watu. Wake mwenyewe ulikuwa mmoja, aliutunga jikoni akimkumbuka mama yao, na hakuwahi kuuimba sherehe yoyote. Alikuwa anautunza. Mume wangu alimwahidi kuurekodi vizuri, sauti isikike yote, siyo kama zile rekodi za simu za watu ambazo ukizicheza unasikia sahani na mtu anayemtafuta dereva, na mwimbaji yuko mbali huko kama anaimba nyumba ya jirani. Wifi akakubali. Akangoja.

Kwanza alingoja mashine mpya. Mume wangu aliifuatilia tangu ilipokuwa picha tu mtandaoni. Aliangalia video za watu wakiifungua kwenye boksi kama watu wengine wanavyoangalia mpira. Ilipofika hatimaye, aliipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Wiki haikuisha akagundua kasoro: ukirekodi sauti ya mtu, kila baada ya muda kunaingia mkwaruzo. Waliotengeneza wakatangaza kwamba wanalijua tatizo hilo, na kwamba programu ya kuliondoa iko njiani. Basi tukaanza kungoja upya. Alikuwa akiamka anasoma habari za hiyo programu kabla hajanawa uso. Nilimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akanijibu haraka haraka haina baraka. Kwa methali hatumwezi huyu mtu.

Katikati ya kungoja huko, wifi akaota uvimbe shingoni.

Alikuja kwetu moja kwa moja kutoka hospitali, akakaa kwenye kiti cha wateja na kuvua viatu. Daktari hakumung'unya maneno, aliniambia. Uvimbe lazima utolewe, na umelala juu ya mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Anaweza kutoka salama na sauti yake. Anaweza kutoka salama bila sauti. Wamempa tarehe ya mwisho wa mwezi unaofuata. Nililia mimi, yeye akanipa kitambaa kutoka kwenye vipande vyangu mwenyewe, kisha akainuka akaenda chumba cha nyuma. Nikamfuata.

"Mdogo wangu," akamwambia, "tuurekodi ule wimbo. Kabla hawajanikata."

Mume wangu alimkumbatia, na niseme ukweli, alilia. Alimpenda dada yake kuliko kitu chochote, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angekuwa hampendi angeurekodi pale pale, akamaliza.

"Tutaurekodi, dada. Programu inatoka wiki ijayo, wameshatangaza. Sauti yako siwezi kuichukua ikiwa na mkwaruzo. Nataka niichukue mara moja, safi, iwe ya maisha."

"Mkwaruzo gani?" nikauliza. "Mbona mimi sijawahi kuusikia?"

"Wewe huwezi kuusikia. Mimi nausikia."

"Basi mchukue hivyo hivyo na mkwaruzo wake. Utausikia peke yako, sisi tutamsikia yeye."

"Mama watoto, wewe kata vitambaa."

Wifi akacheka, akaniambia tumwachie fundi kazi yake. Wakakubaliana wachukue sauti ya mfano kwanza. Hiyo ni desturi yao: mwimbaji anaimba kwa nusu sauti, bila kujichosha, ili tu kuonyesha wimbo unapita wapi, vyombo vipangwe juu yake. Siku ya kazi anarudi kuimba kwa sauti yake kamili, na ile ya mfano inafutwa. "Imba kwa chini tu, dada," nilimsikia akimwambia kabla mlango haujafungwa. "Nguvu zitunze." Akagonga ukuta mara mbili. Nikaondoa mguu kwenye pedeli, na kupitia mablanketi yale sikusikia kitu.

Wiki iliyofuata programu haikutoka. Waliomba radhi kwa wateja wao, wakasema bado wanaifanyia majaribio. Mume wangu akasema ni vizuri, wasiitoe mbichi. Wifi alikuwa akipita kila jioni akitoka kazini, anauliza "Imefika?" kama anayeulizia mgeni, na akiambiwa bado anatusaidia kukunja nguo na kwenda zake. Kwa tarehe tuliyopewa muda ulikuwepo. Hata mimi, pamoja na ukali wangu, niliona muda upo.

Kisha asubuhi moja hospitali wakampigia simu: nafasi imepatikana, njoo leo hii, na usile kitu. Tulimkuta ameshavaa gauni la hospitali. Mume wangu alimshika mikono na kuanza kuongea, na wifi akamwambia, "Acha. Nikitoka nitaimba." Wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Tukabaki kwenye benchi la ukumbini, na nilipogeuka nikamwona mume wangu ameinamia simu, anasoma kama programu imetoka. Nilimnyang'anya. Watu wakatutazama. Hakuniuliza kwa nini, na simu hiyo nilikaa nayo mpaka daktari alipotoka.

Uvimbe uliondoka wote, na haukuwa ule wa kuua. Tulishukuru, na tulikuwa na haki ya kushukuru. Sauti haikurudi. Akifungua mdomo inatoka pumzi yenye umbo la maneno, inabidi umsogelee. Walisema tungoje, wakati mwingine mshipa unaamka wenyewe. Tukangoja, safari hii familia nzima. Jikoni shuleni walimhamishia stoo ya vyakula, kwa sababu msimamizi asiyeweza kupaza sauti hawezi kuzuia sufuria lisiungue. Mpaka siku daktari alipomwambia asitumaini tena, alikuwa ameshazoea kugonga meza akitaka watu wamtazame.

Programu ilitoka adhuhuri moja ya kawaida. Sikusikia shangwe. Nilimpelekea chakula nikamkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, taa za mashine zinawaka juu ya kichwa chake.

"Imefika," akasema.

"Haifanyi kazi?"

"Inafanya. Inaondoa mkwaruzo. Inauondoa hata kwenye sauti zilizorekodiwa zamani. Ungerekodi wakati wowote, ingekuja kusafisha yenyewe. Hawakutangaza hilo. Au walitangaza, mimi sikusoma vizuri."

Maji yakimwagika hayazoleki, na nilikuwa na maneno mengine makali zaidi ya hayo tayari ulimini. Niliyameza. Nilikaa sakafuni naye, chakula kikapoa.

Ile sauti ya mfano alikuwa hajaifuta. Aliifanyia kazi kwa siku kadhaa kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akifanya kazi, bila kuangalia mtandaoni, bila kumsema mtengenezaji yeyote. Akaisafisha, akaiinua, akaizungushia kinanda. Halafu akamwita dada yake.

Wifi alikuja Jumapili, baada ya kufua. Alikaa kwenye stuli ya chumba cha nyuma, mikono magotini. Mimi nilisimama mlangoni. Mume wangu akabonyeza, na kinanda kikaanza taratibu, kisha wifi akaingia, kwa chini. Ilikuwa safi kweli. Nilimsikia akivuta pumzi, nikamsikia hata akimeza mate. Aliimba kwa uangalifu, neno baada ya neno, kama mtu anayepita sebuleni kwa watu bila kutaka kuamsha mtoto. Kilipokaribia kiitikio, pale palipokuwa pakiwasimamisha wahudumu, mwili wangu wote ulijiandaa. Hakupanda. Alipita chini, akaacha kabisa kuimba, akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kutuamkia mlangoni, yenye kicheko ndani yake: "Hapa nitapanda."

Mume wangu akasimamisha mashine. Alikuwa ameyasikia maneno hayo siku zote hizo.

"Hayo nitayakata," akasema, akiutazama ukuta. "Nilitaka tu nikuulize kwanza. Nikiyakata hayo na kuunganisha, wimbo utasimama. Utakuwa umekamilika, dada."

Wifi akasema kitu.

"Unasemaje?"

Akasema tena. Niliona kovu la shingoni likikaza. Mume wangu akamwinamia, sikio karibu na mdomo wake, sikio lile lile lililokuwa likisikia mkwaruzo ambao hakuna binadamu mwingine aliyeusikia, na nikaona usoni mwake kwamba hajapata hata neno moja. Mimi nimezoea kusoma midomo ya wateja cherehani ikiwa kwenye mwendo. Ikabidi nimwambie mimi.

"Anasema usikate. Ukitaka kufuta wimbo wote futa, lakini hapo paache."

"Kwa nini?" Aliniuliza mimi, hakumuuliza yeye.

Nilimtazama wifi, naye akanijibu polepole ili nisikosee, kisha nikamgeukia mume wangu.

"Anasema hapo ndipo anapojisikia ni yeye. Kwingine kote alikuwa anakungoja wewe."