Seli Zilizostawi Kupita Kiasi

Siku ya kwanza kazini, katika hospitali moja wilayani Ngara, nilipewa koti jeupe lililonifika magotini na trei ya makopo ya makohozi. Ndivyo tulivyoanza sisi watu wa maabara. Miaka mingi baadaye nilihamishiwa Biharamulo, ambako Daktari Mtafiti alitaka kujua kwa nini kidonda cha tumbo cha huyu kinapona upesi na cha yule kinagoma.

Kazi hiyo niliipenda kuliko zote. Mgonjwa aliyekubali alikuja asubuhi hajala wala kunywa. Tulimpitisha mpira mwembamba puani tukavuta maji ya tumbo. Niliyapunguza ukali wa asidi, nikayachuja, kisha nikayadondoshea seli tulizokuza kwenye visahani, ndani ya kasha lenye joto la mwili. Maji ya tumbo hayasagi chakula tu. Yana vichochezi vinavyozihimiza seli kujigawa na kuziba kidonda. Baada ya siku mbili nilizihesabu kwa hadubini.

Kisahani cha bwana mmoja wa kijiji cha Runazi kilijaa seli hadi zikapandana. Daktari Mtafiti alifurahi hata akasahau chai yake.

"Kesho naandika ripoti kwa wakubwa," alisema.

Mimi nilikosa raha. Maji yale yalikuwa na vipande vyeupe, nami nikajiambia ni kamasi, nikanyamaza. Nikisema sasa, huenda nikaondolewa kwenye utafiti. Hata hivyo nilimfuata yule bwana wodini, alikolazwa baada ya kipimo.

"Shikamoo mzee," alinisalimu.

"Marahaba. Asubuhi ile hukunywa kitu kweli?"

"Sikula, mzee. Nilipitia tu ukweni, ng'ombe wao kazaa, wakanipa dang'a kikombe kimoja."

"Si tulikukataza?"

"Mlinikataza ninyi. Wale ni wakwe. Ningewarudishiaje kikombe?"

Dang'a ni maziwa ya kwanza baada ya ng'ombe kuzaa, yamejaa vichochezi vya kumkuza ndama. Nilimweleza Daktari Mtafiti yote, pamoja na vile vipande nilivyovinyamazia, nikaomba kisahani kile kifutwe kwenye hesabu. Aliichana ripoti aliyokuwa ameanza kuiandika, kisha akacheka mpaka machozi.

"Mzee, nusura niwaandikie wakubwa kwamba watu wa Runazi wana matumbo ya ndama. Endelea na kazi."

Tangu hapo hatukumuuliza mgonjwa kama amekula. Tulimuuliza amepitia kwa nani.

Sasa nimestaafu. Siku ya kuniaga, Daktari Mtafiti hakutaja visahani vyote nilivyohesabu sawasawa. Alitaja kile kimoja nilichoomba kifutwe, na mimi nikalia kwa furaha mbele ya wauguzi wote.