Filimbi Ndani ya Gunia Lililolowa

Mzee Ogle alijiunga na kikundi chetu cha filimbi akiwa na miaka sitini na minne, na hakuomba ruhusa ya mtu. Jumamosi moja baada ya Alasiri alifungua mlango wa darasa tunalofanyia mazoezi hapa Galbet, mtaa wa Garissa, akavuta kiti, akaketi kando yangu. Kutoka ndani ya gunia akatoa filimbi ya plastiki, zile za wanafunzi.

"Endelea," akamwambia mwalimu Mwenda. "Mimi nitaingia."

Akaingia kweli. Sote tukashusha filimbi zetu.

Niwaeleze kikundi chenyewe kwanza, maana watu hutucheka kabla ya kutujua. Watoto wetu walipofika darasa la nne walitakiwa kujifunza filimbi hizo, na kazi ya ziada ikaja nyumbani, na sisi wazazi hatukujua hata kidole cha kwanza kinaziba tundu gani. Mwenda, mwalimu wa muziki aliyetoka Meru kama mimi, akaanzisha darasa la wazazi. Watoto wakapanda madarasa, filimbi wakazitupa uvunguni. Sisi tukabaki. Yuko Filsan wa duka la dawa, yuko Mahat fundi cherehani, wako walimu wanne, na niko mimi Gacheri, ninayeuza sare za shule na nisiyependa kuchezewa. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuitwa mwanamuziki, lakini tunapiga vizuri. Nasema hivyo bila aibu.

Mzee Ogle alikuwa dereva wa lori. Miaka nenda miaka rudi alipeleka unga na sukari Mandera, akarudi na mbuzi, hadi goti likakataa kukanyaga klachi. Ndipo akawa mtu wa kukaa langoni mwa nyumba yake, akisikiliza magari yanavyopita na kuyatukana: hili gia zinalia, lile mwenyewe hajui kuendesha. Mkewe Abshiro, anayeuza nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa ili idumu, alichoka naye. Mzee alipochukua filimbi ya mjukuu na kuanza kuipuliza, alichoka zaidi. Mwishowe wakapatana. Mzee angekuja kwetu hadi siku ya wazazi, siku ambayo kikundi kingepiga mbele ya watu. Akipiga siku hiyo, sawa. Akiachwa nje, filimbi irudi kwa mtoto na yeye arudi langoni.

"Huyo mzee yenu," Abshiro aliniambia dukani kwangu, akichagua sweta, "mkimchoka, sema tu. Msiogope."

Kwa vidole, mzee hakutusumbua. Alishika nyimbo upesi kuliko mimi, na pumzi alikuwa nayo tele. Shida ilikuwa kwamba kila sauti aliyopiga ilikaa chini ya yetu kidogo. Ukipiga naye, sauti mbili zilitetemeka kama meno ya mtu wa kwetu asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba. Mwenda ana simu yenye mshale unaoonyesha sauti ikipanda na ikishuka, na kila Jumamosi aliitoa.

"Mzee, uko chini."

"Mimi si chini. Nyinyi iko juu."

"Mzee, sisi tuko saba."

"Haa. Saba yote iko juu."

Akiambiwa apulize kwa nguvu zaidi, filimbi ilipiga ukelele wa kufukuza fisi. Nilimpenda kwa ule ukaidi wake. Mimi pia ni mkaidi. Nimekaa Garissa zaidi ya miaka ishirini nikiambiwa joto litanirudisha kwetu. Lakini masikio hayana upendeleo. Alikuwa chini kweli.

Wiki moja kabla ya siku ya wazazi, Mwenda akafunga mazoezi kwa kusema, "Mzee Ogle, siku hiyo utatusaidia kushikilia karatasi zisipeperuke."

Mzee akainuka. "Mimi nimeambia soko yote ya mbuzi nitapiga," akasema. "Nitakuja. Na filimbi." Akachukua gunia lake akaenda, akiburuta goti.

Nilimwambia Mwenda maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wateja wangu. Alinisikiliza, kisha akasema sauti mbovu ni sauti mbovu. Niliumia usiku kucha.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua la kupasua kichwa. Hotuba zilianza asubuhi. Filimbi za walimu na yangu zilikuwa mezani, juani. Ya Filsan ilikuwa mkobani, kivulini. Ya Mahat alikuwa ameishika mkononi. Zamu yetu ilipokaribia, Mwenda akatupeleka nyuma ya darasa tujaribu sauti moja. Balaa! Kila mtu alikuwa na yake. Yangu ilinichoma midomo. Mwenda alitokwa jasho, akashindwa amwambie nani ashuke na nani apande.

Mzee Ogle alikuwa ameketi juu ya jiwe, gunia mapajani.

"Mzee, hebu lete yako," nikamwambia.

Akanipa. Ilikuwa baridi kama soda iliyotoka kwenye friji.

"Mzee, hii ilikuwa wapi?"

"Hapa." Akapiga gunia kofi. Lilikuwa limelowa hadi linadondosha maji. Akanieleza taratibu, kama mtu anayeulizwa jua linatoka upande gani. Kwenye lori, kitu usichotaka kiharibike unakitia ndani ya gunia lililolowa: maji, maziwa, dawa. Sasa plastiki, kwa joto la Garissa, ikipinda je? Kwa hiyo kila Jumamosi alilowesha gunia nyumbani kabla ya kuja.

Nilimvuta Mwenda mkono, nikamshikisha yangu, kisha ya mzee. Akafumba macho. Alikuwa ametufundisha mwenyewe, siku za mwanzo kabisa, kwamba filimbi ikipata joto sauti hupanda, na ikipata baridi hushuka. Tuliyachukua kuwa mambo ya Meru, hayatuhusu.

"Mzee, iweke juani kidogo," akasema Mwenda, kwa sauti ya chini sana.

"Hii? Jua? Wallahi hapana." Mzee akalikumbatia gunia lake. Kisha akatutazama sisi na filimbi zetu za moto, akalifungua gunia. "Leta hizo."

Zote saba zikaingia na ya kwake. Mahat akaleta maji ya mfereji, mzee akayamwaga juu. Mwenyekiti wa wazazi alikuwa akihutubia, na kwa mara ya kwanza nikamwombea azidi kusema. Tulipozitoa, tukazifuta, tukapiga.

Sauti moja. Nilitaka kulia, na nisingemwomba mtu radhi.

Mwenda akaangalia simu yake, akauma mdomo. "Tuko chini kidogo."

"Sisi yote?" mzee akauliza.

"Sote."

"Basi hakuna mtu iko chini."

Mwenda akaenda mwenyewe kuleta kiti cha nane.

Tukapiga. Wazazi walishangilia, na wafanyabiashara wa mbuzi waliosimama nyuma walipiga kelele kama waliouza zizi zima. Abshiro alikuwa karibu na ua, mikono kifuani. Tulipomaliza alikuja kwangu, si kwa mumewe, ambaye alikuwa amezungukwa na watu wa soko akiwaeleza habari za kukosea kwetu. Alilitazama lile gunia chini, limevimba kwa filimbi zetu tulizokuwa tumezirudisha humo, maji yakichuruzika.

"Mwambie mzee yangu," akasema, "nyumbani kuna gunia kubwa kuliko hiyo."