Dume au Jike

Mayai matano ya tausi aliyaleta shemeji yangu kutoka Sumbawanga, kwenye ndoo iliyojazwa pumba za mpunga. Wazo la kufuga tausi lilikuwa limemwingia kichwani, na kwa kuwa yeye hakai nyumbani, kazi ikatuangukia mimi na mama mkwe. Mama mkwe alimchagua kuku wake hodari wa kuatamia, akamlaza juu ya yale mayai. Wiki ya tatu ilipopita kimya alitaka kuyatupa. Nikampigia simu mfugaji aliyetuuzia, akasema tausi si kuku, tusubiri wiki nne. Tulisubiri, wakatoka watatu.

Hapa kijijini Mamba mama mkwe ndiye mwenye macho ya kuku. Watu hutoka mpaka Kasansa kumletea vifaranga awatenganishe, mitetea huku, majogoo kule, na mwezi hawajafikisha. Humwinua mmoja mmoja, anamtazama kilemba cha kichwani, anacheka kidogo, kisha anasema. Sijawahi kumwona akikosea, na nakiri nilikuwa namtafutia kosa, maana mimi na yeye tulikuwa na jambo letu.

Jambo lenyewe ni hili. Miaka minane iliyopita nilijifungua mtoto aliyekufa. Mvua zilikuwa kali, mto umejaa, hakuna gari la kuvuka kwenda kituo cha afya, na mume wangu amekwama ng'ambo. Mkunga wa kijijini alinizalishia chumbani kwa mama mkwe. Sikusikia kilio. Nilisikia khanga ikichanwa. Mtoto akafungwa, mama mkwe akatoka naye kwa mlango wa nyuma, wakamzika migombani kabla sijapata nguvu ya kukaa. Ndivyo mama mkwe alivyofundishwa na mama yake: mtoto asiyelia haonyeshwi mama yake, wala hasemwi kama ni wa kiume au wa kike mpaka mama azae mwingine, asije mama huyo akamfuata kaburini. Mimi sijazaa mwingine. Mkunga naye alishafariki. Kwa hiyo duniani alibaki mtu mmoja anayejua nilizaa nini, na mtu huyo tulikuwa tunapika naye jiko moja.

Nilimuuliza mara moja tu, mwaka ule ule. "Hayo hayaulizwi, mwanangu," alisema, akaendelea kupepeta mchele. Akina mama wa jumuiya walikuja wakaniambia yaliyopita si ndwele. Niliwachukia wote wiki nzima. Kwangu hayakupita. Mtoto hunijia ndotoni akiwa amefungwa khanga mpaka usoni, ananiita kwa sauti ambayo siwezi kuijua ni ya mvulana au ya msichana. Mchana ni mbaya zaidi. Wa umri wake sasa wako shule, wanapita mbele ya nyumba kila asubuhi, nami sijui nitazame kaptula au sketi. Nawatazama wote. Wameshanizoea, wananiamkia na kupita.

Ndiyo maana hawa tausi walinisumbua moyo tangu walipotoka kwenye mayai. Wote watatu walikuwa na rangi moja ya majani makavu, na kishungi kilipoota kichwani, kiliota kwa wote. Ujuzi wa mama mkwe wa kutazama kilemba ukagonga mwamba. Hata hivyo hakukubali. Mmoja wao alikuwa anapanua mkia wake mfupi kila akiona kuku, anapita mbele yao kwa maringo na kuwafukuza kwenye chakula.

"Huyu dume," alisema mama mkwe.

"Na hawa wawili?"

"Majike. Huoni walivyopoa?"

Mfugaji alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba mkia si kitu, wakiwa wadogo hata majike huupanua. Wakifika miezi mitatu hivi, alisema, nifungue bawa. Kwa dume yale manyoya marefu ya pembeni huwa na rangi ya kutu, kama kopo lililosahauliwa nje. Ya jike ni ya kijivu, na kahawia iliyofifia. Dume miguu nayo humrefuka. Baadaye shingo humaliza ubishi, ya dume bluu, ya jike kijani.

Haya sikumwambia mama mkwe. Nilikaa na siri yangu kama yeye alivyokaa na yake, na nikaona raha. Kila nikipita bandani nilijiambia kwamba akikosea hapa, nitamuuliza tena. Najua ni mawazo ya kitoto. Lakini yule mwenye macho yasiyokosea nilikuwa namwogopa, na nilitaka nimkute siku moja amepungua kidogo.

Asubuhi moja, mpunga umeanikwa uani, nilimkamata yule mwenye maringo na mmoja wa wale wapole, nikawafunga miguu kwa kamba, nikawapeleka alipokaa mama mkwe. Nilifungua bawa la mwenye maringo. Kijivu mwanzo mpaka mwisho, na shingoni kijani kilishaanza kung'aa. Nikafungua la yule mpole. Kutu tupu.

Alipitisha kidole juu ya kutu ile.

"Bawa sikuangalia," alisema.

"Na mwanangu, mama? Yule uliangalia. Niambie."

Nilitegemea anijibu tena kwamba hayaulizwi. Alilikunja lile bawa polepole, akalirudisha mahali pake.

"Hata yule sikumwangalia. Mkunga alinipa ameshafungwa, na mimi nilifundishwa nisifungue. Niliogopa, mwanangu. Mtu mzima nimezika wazazi wangu, nikaogopa khanga."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui. Uliponiuliza ningekujibu nini? Miaka yote hii naona unavyoniangalia, unadhani nimekuficha."

Nilikasirika mpaka mpunga uani ukawa unacheza machoni. Miaka minane nilimchukia kwa kumficha mtoto ambaye hata yeye hakumwona. Chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Mkunga ndiye peke yake aliyemwona, na baada ya siku ile aliishi miaka mitatu jirani yetu. Nilikuwa nampelekea mboga, tunakaa, tunaongea habari za mahindi. Sikumuuliza hata siku moja, kwa kuamini anayejua yuko nyumbani kwangu.

"Unajua nini basi?" nilisema, na kwa sauti ambayo mkwe hasemeshwi nayo.

"Alikuwa mzito," alisema. "Kutoka mlangoni mpaka migombani nilibadilisha mkono mara mbili."

Kisha akamwinua yule jike, akampima mikononi huku amefumba macho, akatikisa kichwa. Akaniambia nikunje mikono. Akaniwekea jike, akamchukua na dume, akamlaza juu yake, akaibonyeza miguu yao taratibu ili watulie.

"Hivi," alisema. "Alikuwa hivi."

Nilisimama pale uani nimewabeba mpaka mikono ikafa ganzi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumbeba mwanangu, na sikutaka mtu anipokee.