Majivu Kwenye Mapichi

Alhamisi ya pili ya mwezi wa pili tulimzika dada yangu huko Rongai, nyuma ya nyumba yake, kando ya shamba ambalo lilikuwa bado halijalimwa. Yeye ndiye alikuwa amebaki peke yake kati ya watu walionijua nikiwa mtoto. Nimerudi kwangu nimechoka, na hapa mezani kuna sufuria niliyokwenda nayo kwake. Sijaiosha. Kabla sijaiosha nataka nikueleze habari ya mapichi, maana sasa hakuna wa kunisahihisha nikikosea.

Miaka ya hamsini tuliishi kwenye shamba la Mzungu juu ya Molo, katika zile nyumba za wafanyakazi tulizoziita laini. Wazazi wetu walikuwa wametoka magharibi. Mama alichuma pareto, na jioni alirudi nguo zake zikinuka yale maua hata angali mlangoni. Baba alikuwa mpishi katika nyumba kubwa. Molo ni baridi, hilo unalijua, lakini baada ya Krismasi jua lilikuwa likiwaka mchana kutwa, na mipichi iliyokuwa nyuma ya jiko la memsabu, mke wa yule Mzungu, ilikuwa ikiiva yote kwa pamoja. Harufu ilitufikia laini pamoja na moshi wa kuni na honi ya gari la moshi likipanda mlima.

Memsabu alituruhusu kuokota mapichi yaliyoanguka. Yaliyo mtini yalikuwa yake. Baba alituambia hivyo mara moja tu, na hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Jumapili alasiri, akishamaliza vyombo vya nyumba kubwa, baba alitupikia pudini. Alikata sehemu zilizooza au kuliwa na siafu, akatoa kokwa, akayapanga mapichi ndani ya sufuria pamoja na sukari guru iliyopondwa. Juu yake aliweka unga wa ngano aliousugua kwa vidole na siagi, ile iliyobaki kwenye mtungi wa kusukia maziwa, ambayo memsabu alimwachia. Hatukuwa na oveni. Alifunika kwa bati, akaweka makaa machache chini na mengi juu ya bati, halafu akakaa kusikiliza. Hakufunua kamwe, kwa sababu ukifunua, majivu yanaingia. Kwanza sufuria ilichemka kwa haraka, kisha sauti ikawa nzito na ya polepole, kama uji, na hapo baba alisema, "Tayari." Mimi na dada tuligombania ukoko wa pembeni, ule ulioungua kidogo kwa sukari. Yeye alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mitano na aliupata kila mara.

Mwaka mmoja dada alikuwa amemaliza darasa la nne, na shule ya shambani iliishia hapo. Alikuwa amefaulu. Kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana Nakuru iliyokuwa tayari kumchukua, lakini walitaka barua ya mwenye shamba kwamba ni mtoto wa tabia njema. Memsabu alikuwa amekubali kuiandika Jumatatu. Jumapili ndiyo tungepika pudini ya kumuaga, na mama alikuwa amekwisha kumshonea gauni.

Wiki hiyo hakukuwa na upepo. Jumapili asubuhi niliokota mapichi manne tu, na mawili yalikuwa ya siafu. Dada alikuwa ameenda mtoni kuchota maji. Nilisimama chini ya mti muda mrefu. Halafu nikachuma sita kutoka tawi la chini.

Njiani nikakumbuka kwamba pichi lililoanguka huwa na jeraha upande mmoja, na haya yangu yalikuwa mazima kabisa. Kwa hiyo nilipofika nyumbani nililigonga kila moja kwenye jiwe la mafiga. Nilijiona mwerevu sana. Nikayaweka kwenye karai na mengine, nikaenda kucheza.

Baba alirudi, akakaa kwenye kigoda chake akachukua kisu. Akaligeuza pichi moja mkononi. Wewe unajua pichi lina manyoya, na majivu yakishika manyoya yale hayatoki kwa kufuta. Akachukua la pili, na la tatu.

"Haya nayo yaliangukia jikoni?" akauliza.

Mama akacheka kidogo, mpaka alipoona uso wa baba. Baba akauliza ni nani aliyechuma. Mimi nilikuwa na kifua siku hizo, nilikohoa usiku na mchana. Nilitazama chini. Nilikuwa na maneno mdomoni, na sikuyatoa.

"Ni mimi, baba," dada akasema.

Hakumchapa. Ingekuwa afadhali. Aliyafunika yale mapichi kwa kitambaa, akamshika dada mkono, wakapanda mpaka mlango wa nyuma wa nyumba kubwa. Baba alishika funguo za stoo ya watu wale na aliona ni lazima waambiwe. Walirudi bila karai. Baba alisema memsabu hakukasirika, alishukuru kwa kuambiwa ukweli. Siku hiyo hatukupika.

Jumatatu barua haikuandikwa, wala Jumanne. Baba hakuuliza. Shule ilipofunguliwa dada alienda na mama kuchuma pareto. Gauni alilivaa kanisani mpaka likambana. Baadaye aliolewa Rongai, akalea watoto, akalima, akawa mzee. Mimi nilipofika umri wake kulikuwa na shule nyingine karibu na hapakuhitajika barua ya mtu. Nilisoma mpaka darasa la nane.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, aliposhindwa kutoka kitandani, nilinunua mapichi kwa mama mmoja anayeuza kando ya barabara Molo. Shamba lile limegawanywa vipande vipande, na mipichi ya memsabu ilikatwa zamani kwa kuni. Nilipika kwenye uwanja wa dada, makaa chini na juu, nikasikiliza. Nikamletea kitandani, nikamwambia ni mimi niliyechuma.

"Najua," akasema. "Ulikuwa na majivu mpaka kwenye viwiko."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Baba angekuchapa, na ulikuwa na kifua kile." Akanitazama. "Lakini sikujua itafika mpaka shule, mdogo wangu. Ningejua, ningekutaja palepale."

Akacheka mpaka nikamwinua akohoe.

Kisha akaomba ukoko. Niliukwangua pembeni ya sufuria nikamlisha vijiko viwili. Cha tatu akakataa kwa mkono, akasema hicho ni changu, nile. Nikala.